Robo Mzunguko: Mwongozo wa Kuitia Starlet Pumzi Zaidi

Kwanza, weka hiyo spana chini.

Najua umeishika. Najua ni Jumamosi alasiri, injini imepoa, boneti iko wazi, na nyuma yako amesimama binamu ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli ya gia, naye ndiye anayekuambia, "Kaza kidogo tu." Mtume akalete chai. Akiwa jikoni, soma.

Mwongozo huu wa kupandisha presha ya turbo una hatua nyingi, na katika hizo zote ni moja tu inayogusa presha yenyewe. Hiyo moja humalizika kabla chai haijapoa. Zilizobaki zitakula wikendi tatu, sehemu nono ya mshahara, na sabuni ya unga ya mwenye nyumba. Nimeziandika zote kwa sababu nayapenda magari haya madogo, na nimechoka kuyaona yameegeshwa nyuma ya gereji, pistoni zimepasuka na nyasi zimeota hadi kwenye rimu.

Gari ninalolisemea ni Toyota Starlet. Langu ni EP82 lililozaliwa bila turbo, kama mengi yaliyoletwa Kenya, kisha likapandikizwa injini ya 4E-FTE iliyotoka Japani. Injini hiyo ni kitu cha kupendeza: sisi 1,331 tu, silinda nne, valvu 16, na turbo ndogo ya CT9 inayoweza kukaa kwenye sufuria ya chai. Toyota waliitoa kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 135, wakaiweka kwenye gari la kilo mia nane na ushei. Ndiyo maana Starlet kuukuu lenye rangi iliyochujuka linapanda Kinungi kwa gia ya nne huku malori yakihema pembeni.

Walioiunda waliweka swichi kwenye dashibodi. Upande mmoja ni presha ya chini, karibu bar 0.4, upande wa pili ni ya juu, karibu bar 0.65. Kwa aliyezoea kipimo cha tairi, hiyo ya juu ni kama PSI tisa na nusu, chini ya theluthi ya upepo uliomo kwenye gurudumu lako. Inaonekana kidogo. Hapo ndipo binamu anapopata la kusema.

Mjibu hivi, kwa upole. Watu husema "busti" kana kwamba ni kitu ambacho turbo inakimwaga kwenye injini, kama mama anavyomwaga uji kikombeni. Busti ni foleni. Turbo inasukuma hewa kwenda kwenye injini, injini inameza kiasi inachoweza, na ile isiyomezwa papo hapo inabaki mlangoni ikisukumana. Geji inapima kule kusukumana. Nenda stendi ya matatu saa kumi na mbili jioni: ukiona watu mia wamebanana, bado hujajua ni wangapi watakaofika nyumbani kabla ya taarifa ya habari. Hilo litaamuliwa na magari. Ukiipa injini eksosi pana inayopumua vizuri, itameza hewa nyingi zaidi huku mshale wa geji ukiwa palepale kwenye 0.65. Ukiiacha na eksosi nyembamba iliyojaa masizi halafu ukakaza hadi 0.9, umeongeza msukumano, na watu wanaosukumana hupata joto.

Hewa nayo hupata joto. Aliyejaza upepo kwenye baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi mdomo wa pampu unavyounguza vidole. Turbo ni pampu hiyohiyo, ila inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na hewa inayotoka humo ikiwa imebanwa mara mbili inaweza kupita nyuzi joto 100 kwa urahisi. Kazi ya intakula ni kuipoza kabla haijaingia kwenye silinda. Kwenye Starlet, kiwanda kiliiweka intakula juu ya injini, ikalala chini ya tundu la boneti. Gari likikimbia, upepo unaingia tunduni na intakula inapoa. Gari likisimama kwenye foleni ya Mombasa Road saa nane mchana, joto la injini linapanda juu na kuigeuza intakula kuwa kikaangio. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kupandisha presha ni kutafuta mahali pengine pa kuiweka intakula, mbele ya radieta inakopata upepo, au angalau kuzuia hewa ya tundu la boneti isipotelee pembeni. Kipande cha sponji ngumu kilichokatwa vizuri na kubandikwa kuzunguka ukingo wa intakula kinasaidia kuliko kibandiko chochote cha mashindano utakachobandika mlangoni.

Hatua ya pili ni geji. Hapana, sikio lako si geji. Sikio la binamu ndilo baya zaidi, kwa sababu limeharibiwa na video. Nunua geji ya presha yenye mshale unaosomeka, na kama mfuko unaruhusu, nunua pia ile inayosoma mchanganyiko wa hewa na petroli kutoka kwenye eksosi. Hiyo ya pili ni ghali, na ndiyo iliyookoa injini nyingi kuliko fundi yeyote ninayemjua. Injini ya petroli inapotembea taratibu hutaka sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Inapokuwa chini ya presha, utake usitake, ipe petroli zaidi, hadi kwenye 11.5 au 12 kwa moja, kwa sababu ile petroli ya ziada inapoza moto ndani ya silinda. Ukiona namba inapanda kuelekea 13 huku mguu uko sakafuni na mshale wa busti umesimama wima, ondoa mguu. Kufikiri utafikiri baadaye. Petroli haitoshi, na ukiendelea sekunde chache tu utanunua pistoni.

Hatua ya tatu ni sabuni, na hii naomba uifanye hata kama hutafanya nyingine yoyote. Kabla hujaongeza presha, hakikisha ile uliyonayo haivuji. Chukua kifuniko cha bomba la plastiki kinachoenea kwenye mdomo wa turbo, pale unapoingia mpira wa kisafisha hewa. Toboa tundu katikati, pachika valvu ya tairi la zamani, kaza kilipu, kisha jaza hewa polepole kwa pampu ya mguu hadi karibu na presha unayotaka kuitumia. Usisimame mbele ya kifuniko hicho. Koroga sabuni ya unga kwenye maji na upake kwa brashi kila kiungo, kila mpira, kila kona.

Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilikuwa nimeshawalipa watu wawili kunitafutia ni kwa nini gari langu linakula petroli na kutoa moshi mweusi. Mipira yote ilionekana mizima. Nilipokaribia bar 0.5, upande wa chini wa mpira unaotoka kwenye intakula, mahali ambapo hakuna jicho linalofika bila kioo, ukafunguka mpasuko mdogo usiozidi ukucha. Ulifunguka kama mdomo wa samaki, ukapuliza povu moja kubwa lenye rangi za upinde wa mvua, povu likapasuka, mdomo ukafunga. Nilipoacha kupampu sikuona kitu: mpira safi, mweusi, usio na hatia. Turbo yangu ilikuwa ikifanya kazi ya ziada miezi yote hiyo kupuliza upepo barabarani, na mtu angeniambia nikaze presha ningekaza, na mdomo ule ungezidi kupanuka.

Hatua ya nne inahusu plagi. Presha ikipanda, cheche inapata shida kuruka kwenye hewa nzito, inazimwa kama kibiriti kwenye upepo wa bahari. Punguza mwanya wa plagi hadi kwenye milimita 0.7 au 0.8, na chagua plagi yenye namba ya baridi zaidi kwa hatua moja. Ukishatembea nazo, zitoe na uzitazame chini ya mwanga mzuri. Tazama ile kauri nyeupe inayozunguka ncha ya katikati. Ikiwa na rangi ya biskuti, lala usingizi. Ikiwa nyeupe kama chaki, petroli ni haba. Ukiona vichembe vidogo vinavyometa, kama mtu amenyunyiza pilipili manga iliyochovywa kwenye fedha, funga boneti na usiwashe gari. Vile vichembe ni alumini, na kwenye silinda alumini ni pistoni.

Hapa lazima nieleze kugonga, maana ndiye adui tunayepigana naye tangu mwanzo wa ukurasa huu. Katika injini nzima, plagi huwasha moto upande mmoja nao unasambaa kama moto wa nyikani, kwa haraka lakini kwa mpangilio, ukiisukuma pistoni chini. Hewa ikiwa ya moto mno au presha ikiwa kubwa mno, ile petroli iliyo pembeni ikisubiri zamu yake inalipuka yenyewe. Unasikia mlio mkavu, kama kokoto ndani ya mkebe mtupu wa Kimbo. Kila mlio ni nyundo juu ya pistoni, na kwenye 4E-FTE, mahali pa kwanza kukatika ni zile kingo nyembamba zinazoshikilia ringi. Pistoni ya kiwandani ilifanyiwa hesabu ya bar 0.65. Itavumilia zaidi kidogo kwa ukarimu wake. Usiugeuze ukarimu huo kuwa mazoea.

Jambo hili liliwasumbua wakubwa kabla yetu. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo la kutumia moshi wa injini kusukuma hewa mwaka 1905, lakini magari ya kawaida yalisubiri hadi 1962, pale General Motors ya Marekani ilipouza mawili: Chevrolet Corvair na Oldsmobile Jetfire. Hilo la pili ndilo linalonigusa. Jetfire lilikuwa na V8 ya lita 3.5 iliyobanwa sana hata kabla ya turbo, uwiano wa 10.25 kwa 1, kwa hiyo kugonga kulikuwa kunaisubiri mlangoni. Suluhisho lao lilikuwa kopo la maji yaliyosafishwa yaliyochanganywa na methanoli, ambayo yalinyunyizwa ndani ya injini ili kuipoza. Waliyaita kwa jina la fahari, maji ya roketi ya turbo. Wamiliki walitakiwa kulijaza kopo kila linapopungua. Wengi hawakujaza. Kopo likikauka, valvu moja ilizuia presha, gari likawa zito, mwenye gari akalalamika, na mwishowe wauzaji walizifungua turbo nyingi na kuweka kabureta za kawaida. Hakuna kilichokosewa katika uhandisi wa gari lile. Lilidai tu mwenye nalo afunue boneti mara kwa mara, na mwenye nalo alikuwa na shughuli nyingine. Nikiona Starlet lenye presha ya bar 1 na oili nyeusi kama lami, namkumbuka yule mwenye Jetfire.

Binamu atakuwa amerudi na chai sasa, na kwa vyovyote atataja Formula One. Mpe kiti. Ni kweli kwamba mwaka 1986 injini ya BMW ya silinda nne na lita 1.5, iliyokaribiana na yetu kwa ukubwa, ilitiwa zaidi ya bar 5 kwenye mizunguko ya kutafuta nafasi na kutoa nguvu zinazokadiriwa kupita farasi 1,300. Ni kweli pia kwamba injini ya namna hiyo ilitakiwa kuishi mizunguko michache tu, kisha ikatupwa. Wenye mchezo walishtuka, wakaweka kikomo cha bar 4 mwaka 1987, bar 2.5 mwaka 1988, na mwaka 1989 wakaipiga turbo marufuku kabisa. Wewe Jumatatu asubuhi unatakiwa kazini na gari hilohilo.

Chai imenyweka? Chukua spana.

Hatua ya kugusa presha inahitaji uelewe kopo moja dogo pembeni mwa turbo. Ndani ya kopo hilo kuna springi na ngozi ya mpira, na kutoka humo inachomoza fimbo. Mpira mwembamba unaleta presha ya turbo ndani ya kopo. Presha ikiishinda springi, fimbo inasukumwa, mlango mdogo unafunguka kwenye nyumba ya turbo, na moshi unapita kando badala ya kuzungusha feni. Huo mlango ndio westigeti. Ukitaka presha zaidi, unaidanganya ile ngozi: unakata mpira mwembamba, unapachika valvu ndogo ya kupunguzia hewa, na kopo linadhani presha bado ni ndogo. Mlango unachelewa kufunguka.

Kabla hujaizungusha, ijue tabia ya valvu yako. Zile zinazomwaga hewa nje hupandisha presha unapozifungua. Zile za goroli na springi hupandisha presha unapozikaza. Nyuzi ni zilezile, kichwa ni kilekile, na mtu aliyebadilisha aina moja kwa nyingine bila kuuliza hupandisha akidhani anashusha. Na kumbuka jambo hili, hata ukisahau mengine yote: mpira wa kopo ukichomoka, presha haianguki. Inapanda bila kikomo, kwa sababu mlango haupati tena habari ya kufunguka. Funga kilipu pande zote. Usitumie waya wa kufungia maua.

Sasa zungusha robo mzunguko. Robo tu, kama mshale wa saa kutoka kumi na mbili hadi saa tisa au saa tatu kulingana na aina yako. Kisha ondoa mkono.

Kama mji wako una gereji yenye daino, lipa ukapime huko. Gari linakimbia likiwa limesimama, hakuna mtoto wa shule anayevuka. Kama hauna, tafuta mlima mrefu usio na watu, alfajiri, gia ya tatu, kutoka mizunguko 2,500 hadi 5,000. Wewe unaendesha na macho yako yako barabarani. Binamu, hatimaye, amepata kazi: anasoma geji na kutamka namba kubwa zaidi aliyoiona. Namba kubwa zaidi, hata kama mshale uliigusa na kurudi. Turbo hupenda kuruka juu kabla ya kutulia, na pistoni inavunjwa na ule mruko. Akisema "ilifika sifuri nane ikatulia sifuri saba", presha yako ni 0.8. Iandike kwenye daftari, pamoja na hali ya hewa, petroli uliyotia, na mahali.

Mahali ndiyo sehemu ya mwongozo huu iliyonifanya niandike yote yaliyotangulia.

Gari langu lilikuwa limekaa kwenye 0.95 miezi miwili Nairobi. Plagi rangi ya biskuti, mchanganyiko mzuri, hakuna kokoto kwenye mkebe. Desemba nikampakia dada yangu na mabegi yake manne tukaelekea Mombasa. Hadi Mtito Andei gari lilizidi kuchangamka kila saa, nami nikafurahi, nikadhani limefurahia safari. Tulipopita Voi nikatoka kulipita lori. Nilipofika usawa wa kichwa chake, gari likakatika. Hapakuwa na moshi wala mlio. Ilikuwa kama mtu ameninyakua shati kutoka nyuma. Likarudi, likakatika tena. Mbele kulikuwa na basi linakuja. Dereva wa lori, Mungu amlinde popote alipo, alipunguza mwendo na kunipisha nirudi. Dada yangu hakusema neno hadi Mackinnon Road.

Mariakani tulisimama kwa fundi mmoja, mzee mwenye kofia ya vito na mikono isiyo na haraka. Alisikiliza injini, akagusa mipira, akaitazama geji yangu mpya kwa muda.

"Presha hii uliitia wapi, mwanangu?"

"Nairobi, mzee."

"Basi umekuja na hesabu ya Nairobi kwenye hewa ya pwani. Huku hewa ni nzito."

Alikuwa sahihi hadi nukta ya mwisho, na hii ndiyo hesabu aliyonifungulia. Geji inapima tofauti kati ya hewa iliyo ndani ya mpira na ile iliyo nje. Injini haijui tofauti, inakula jumla. Nairobi, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, hewa ya nje ina presha ya kama bar 0.82. Ongeza 0.95 ya turbo: injini inapata 1.77. Mombasa, usawa wa bahari, hewa ya nje ni bar 1.01. Kopo la westigeti nalo linapima tofauti, kwa hiyo linaendelea kutoa 0.95 kwa uaminifu. Jumla inakuwa 1.96. Sikugusa kitu, lakini kwa injini ni kama nilikuwa nimekaza karibu bar 0.2 njiani, kidogo kidogo, kila tuliposhuka. Kompyuta ya 4E-FTE ina sensa inayopima jumla hiyo kuanzia utupu mtupu, na ikipita kikomo inakata petroli ili kuiokoa injini. Ilikuwa inafanya kazi yake. Ukikuta mtu anakuuzia kifaa cha kuidanganya sensa hiyo isikate, mshukuru na umpite.

Sasa ligeuze jambo. Ile 0.95 ya Nairobi ilikuwa kwa injini sawa na 0.76 tu ya Mombasa, ndiyo maana ilikuwa tamu na tulivu. Lakini turbo yenyewe ilikuwa inateseka. Kuifikisha hewa ya 0.82 hadi 1.77 ni kuibana mara 2.16, kuifikisha hewa ya 1.01 hadi 1.96 ni kuibana mara 1.94. Juu mlimani turbo ndogo inazunguka kwa kasi zaidi na kuichemsha hewa zaidi. Panda hadi Timboroa, kwenye mita 2,700 na zaidi, ambako hewa ya nje ni kama 0.72, na presha ileile inataka kubanwa mara 2.3. Kwa hiyo anayetia presha Mombasa na kuhamia Eldoret ataiua turbo, na anayetia Eldoret na kushuka Mombasa ataiua injini, na wote wawili watakuonyesha geji yenye namba ileile.

Mzee alichukua bisibisi bapa, akarudisha valvu yangu robo mzunguko, akaniambia nipande na kushuka mlima wa nyuma ya soko. Mshale ukasimama kwenye 0.75. Gari halikukatika. Akakataa pesa ya robo mzunguko, akachukua ya soda.

Nilitaka kuweka alama ili nijue pa kuirudisha nikifika nyumbani. Chaki ingefutika, kalamu haishiki kwenye shaba yenye oili. Dada yangu, ambaye bado alikuwa amenuna, alifungua mkoba akanipa chupa ya rangi ya kucha. Tone jekundu kwenye kichwa cha valvu, tone jekundu kwenye kiti chake: yakikutana, uko pwani. Tukafika Mombasa saa mbili usiku, madirisha wazi, harufu ya chumvi ikiingia.

Hiyo ndiyo hatua ya mwisho. Nunua chupa mbili, nyekundu kwa pwani na buluu kwa bara, uzifungie kwenye kisanduku cha glovu pamoja na daftari. Usiombe ya dada yako. Wangu ananidai mpaka leo.